Moshi wa Mteja

Ghorofa ya kumi na moja, Posta.
Sikudhani anahesabu dizeli ya jenereta,
viyoyozi, balbu, safari za mkurugenzi kwenda Dodoma.
Yote yameandikwa, hadi karatasi za chooni.

"Na mkopo wa lile tanuri la makaa ya mawe?"
Meneja anakoroga chai isiyo na sukari.
"Ule moshi ni wa mteja."
"Na riba?"
"Riba ni yetu."

Ukutani kalenda: miche, tabasamu,
na ahadi: ifikapo hamsini, sifuri.
Mwaka huo waliotia saini watakuwa wanakula pensheni.

Tawi la Jangwani limefungwa tangu Jumanne.
Msimbazi umeingia bila kuchukua namba,
umesimama dirishani kwa keshia,
kifuani.

Sikudhani anachora safu mpya.
Anaandika tani
kwa wino.