Yalimwagika?

Kaka yangu Mfaume alibeba maji kichwani
mpaka akaota ndevu. Vijana wa Mkunya walimcheka:
"Somoe hakuzaa dume, kazaa mtungi."
Hakuwajibu. Ukijibu, shingo inageuka;
shingo ikigeuka, ndoo inakudai.

Nyie wa kufungua bomba hamtatuelewa.
Newala tuko juu, maji yako chini,
na katikati Shimo la Mungu limeachama.
Tulitoka jogoo la kwanza, mama mbele, mimi kati,
yeye nyuma, nikiteleza anidake.
Mama alitufunza: chuma majani, yaelezee juu ya maji,
yatatulia. Kaza kata. Usitazame miguu.
Na zaidi ya yote, usiiname.
Anayeinama
hufika nyumbani na ndoo ya upepo.

Mwaka wa vita lori likamchukua.
Barua moja tu ilikuja, nusu yake imepakwa wino mweusi,
nusu iliyobaki inauliza habari za mvua.

Kisha tukaitwa Mtwara, Uwanja wa Umoja,
nauli tukalipiwa, na soda.
Spika ikakoroma, ikakohoa, ikasema:
"Koplo Mfaume Likwata,
ng'ambo ya mto Kagera, siku ya pili ya kuzingirwa,
aliwapelekea maji wenzake sita handakini,
akitembea wima, bila kuinama,
risasi zikimpita kushoto na kulia."
Makofi. Pini ya nishani iligoma mara mbili,
mara ya tatu ikamchoma, nikamwona akifinya jicho.
Mama, ndonya mdomoni, akanivuta kanga:
"Wima? Kwani walitaka abebeje?"

Usiku, nyumbani, aliivua akampa yeye.
Mama akaipima kiganjani
kama anavyopima korosho za mtu asiyemwamini.
"Nyepesi," akasema.
Kisha akauliza lile ambalo mkuu hakuuliza,
wala mwandishi wa gazeti, wala mimi:
"Yalimwagika?"

Kibatari kilipiga chafya.
"Nusu, mama. Nilitia majani ya mgomba, kama ulivyotufunza,
yakatulia. Lakini risasi ilitoboa debe.
Nikaziba tundu kwa kidole gumba
mpaka nikafika."

Mama alifikiri kwa muda mrefu.
"Nusu si haba," akasema,
akaitundika nishani msumarini, juu ya ndoo.

Miaka ikaenda. Tukamzika mama.
Usiku wa tatu wa tanga, wageni wamelala,
tuko wawili uani, tunasugua masufuria kwa majivu,
Mfaume akanong'ona kama anayeongea na sufuria:

"Walikuwa sita kwenye karatasi, dada.
Nilipofika walikuwa watano.
Masunga, kijana wa Maswa, macho wazi, mdomo wazi,
kama anayengoja zamu yake.
Nikagawa kwa kifuniko cha chupa ya chai,
kifuniko kimoja kimoja.
Kikabaki cha Masunga.
Wenzangu wakatazama pembeni.
Nikakinywa mimi.
Nilikuwa na kiu.
Hilo halikusomwa kwenye spika."

Sikumjibu.
Nilikaza shingo, nikaendelea kusugua.

Siku hizi bomba limefika Mkunya.
Linatoka Jumanne, likipenda.
Mfaume hupanga foleni na wake za wajukuu zake,
ndoo ya plastiki mkononi, mgongo umenyooka
kama mti wa bendera ya shule.
Nishani imeota kutu ya kijani; mtoto mmoja
aliichezea bao, ikarudi bila utepe.

Akipewa maji hunywa taratibu,
na kila mara huacha kidogo kikombeni,
kiasi cha kifuniko.
Wajukuu wanasema babu hamalizi maji, ni uzee.
Mimi huchukua kikombe nikakiosha,
na sisemi kitu.