Soksi ya Kushoto

Kipanga alishuka saa tatu asubuhi.
Nilisikia mbawa, kisha kimya,
kimya cha kuku kumi na mmoja
waliojibana chini ya toroli wakijifanya mawe.
Wa kumi na mbili alikuwa kwenye theluji,
mgongo wazi kama mfuko wa koti uliochanika.

Raiba. Mwenye madoadoa, mgomvi,
mwizi wa chakula cha paka.

Miaka thelathini na miwili, pale Kuldiga,
nilimshikia daktari wa meno taa na kikombe cha mate;
najua damu kidogo inavyojifanya nyingi.
Nikamviringisha taulo, kichwa na vyote,
maana kuku akiona giza hudhani ni usiku,
na usiku habishani na mtu.

Maji ya uvuguvugu. Chumvi, kijiko kwa lita.
Bomba la sindano lisilo na sindano.
Mwagia, ngoja, mwagia tena,
mpaka maji yatoke yalivyoingia.
Unyoya uliozama, ng'oa kwa kibano.
Ngozi usiikate kwa pupa, inajua njia ya kurudi.
Juu yake asali, ya Imants wa ng'ambo ya mto,
aliyeniuliza: yote haya kwa supu?
Sikumjibu. Nilimrudishia gudulia tupu.

Siku kumi na tisa Raiba alikaa kwenye beseni letu la kuogea,
kwani wenzake wakiona wekundu hawana undugu:
wangemdonoa hadi mfupa,
kisha wakanywe maji kwa adabu, midomo juu,
kama watu waliotoka kanisani.

Gunvaldis hakupenda. Akawa anaogea jikoni, kwa ndoo,
akinung'unika, soksi miguuni.
Kuoga, na soksi miguuni.
Niliona. Nikanyamaza
unavyonyamaza mbele ya kuku anayechechemea:
ukimkimbilia, atatembea sawasawa, kwa uongo,
mpaka siku umkute ameanguka.

Kazi haikungoja. Barafu ya ndoo naivunja kwa kisigino.
Maganda ya mayai nayasaga, nawarudishia walichonipa.
Baridi ikipita kumi na tano chini ya sifuri
nawapaka mafuta ya mgando kwenye vilemba vyao vyekundu,
nao hunitazama kwa jicho moja, kisha jingine,
kama wanaolinganisha ushahidi.
Majivu ya jiko kwenye sanduku la kuogea vumbi.
Inua mkia, tafuta chawa. Geuza unyayo.

Kwenye kugeuza nyayo ndipo nilipoona la Bruna:
duara jeusi chini ya mguu, kama kifungo cha shati.

Usiku nikauloweka. Gunvaldis akamshika,
nani mwingine angemshika?
Kiini kilitoka kigumu, cha rangi ya jibini kavu,
kirefu kuliko nilivyotarajia.
Bruna hakulia.

"Amekuwa nacho tangu lini?"
"Tangu vuli, labda."
"Na akawa anatembea."
"Akawa anatembea, anakula, anataga.
Nani kamfundisha nani humu ndani, sijui."

Nikafunga bandeji. Akashuka mezani
akiinua mguu juu sana, kama aliyekanyaga gundi,
akaenda zake chini ya kabati.

Maji yalikuwa bado yana uvuguvugu.
Gunvaldis aliyaangalia kitambo.
Akainama, polepole, kwa mkono mmoja kwenye meza,
akavua soksi ya kushoto.

Harufu ilitangulia. Kisha nikaona
chini ya kidole gumba kile ambacho sukari hufanya
kwa mtu asiyetaka kugeuzwa.
"Usimwambie Imants," akasema.

Nikamwaga maji ya kuku. Nikachemsha mengine.
Huu si mguu wa asali, nikamwambia,
kesho basi la saa kumi na mbili, hospitali,
na huko usijifanye unatembea vizuri.
Akasema ndiyo. Akasema tena, ndiyo,
unyayo wake mapajani pangu, mzito,
baridi kuliko nilivyoukumbuka.

Bafuni Raiba alidonoa beseni mara mbili,
akatulia, akadonoa tena,
kama mtu anayebisha hodi akiwa ndani.