Mwosha

Twalibu ndiye aliyemwosha Mselem,
pale Kibokoni, kwa maji ya karafuu maiti,
na alichokiona mwilini akakisitiri.
Miaka sita baadaye akaandika wasifu
na hakusitiri kitu:
deni la duka la Kuze,
mke wa kwanza aliyefunga mizigo usiku wa Maulidi,
ile hadithi ya mama tuliyoililia shuleni
ilhali mamake akila kwa jirani.

Nikakifunga kitabu. Nikamchukia Twalibu siku mbili.

Ya tatu nikarudi, ukurasa wa mia na kumi:
“Viatu nilivyooa navyo vilikuwa vyake.
Yeye alisimama mlangoni, peku, akicheka.”

Nimeitoa kabatini ile hadithi ya mama.
Bado naililia.
Sasa najua ni nani aliyekuwa akiomba radhi.