Kutoa Upepo

Aprili, Jämtland. Theluji inaporomoka toka paa la banda.
Nimelivua Saab turubai; panya wameacha kiota kiti cha nyuma.
Nakanyaga breki: pedali yazama mpaka chini,
laini, kama kukanyaga uji.

Kopo la mafuta limepungua nusu.
Sakafu kavu. Nani basi kayanywa?
Napapasa mabomba, kiungo kwa kiungo:
hakuna tone, kutu tu.
Tairi la nyuma kushoto limekataa kuzunguka.

Nagonga ngoma, ngoma inagoma, nagonga,
mpaka inaachia kwa kishindo.
Ndani, viatu vimelowa, vimegandia chuma.
Silinda ndogo ilikuwa inalia humu majira yote ya baridi, kimyakimya.

Na breki ya mkono ilikuwa imevutwa.

Sixten, baba yangu, ndiye aliyelilaza.
Miaka arobaini wimbo wake mmoja:
"Gunnel, gari la kulala halivutwi breki ya mkono.
Tia gia, weka gogo, basi."
Nauangalia ule mkono. Umesimama wima.

Nafunga silinda mpya. Namketisha kwenye usukani,
najilaza chini, spana kwenye nati.
"Kanyaga. Shikilia."
Mapovu. Mafuta. Mapovu tena.
Kisha anaachia kabla sijasema,
na upepo wote unarudi ndani.

"Tulikuwa tunafanya nini vile?" sauti yake toka juu,
ya adabu, kama ya mgeni.

Tunatoa upepo, baba.
Kanyaga.
Shikilia.