Mililita Tano

Baba ameomba chupa nzima.
Hakuomba kwa mdomo; sauti ilimtoka mwezi wa tatu,
uvimbe ukakaa pale ilipokuwa.
Ameandika kwa penseli nyuma ya kalenda ya chama cha kahawa:
Biira, yote.

Herufi bado zimesimama wima,
herufi za karani wa zamu mlangoni pa mgodi, Kilembe,
aliyeandika walioingia safu hii,
waliotoka safu ile,
na asiyetoka akamzungushia duara,
kisha akarudi nyumbani kula muhogo kimya.

Dawa yenyewe ni maji tu, ya kijani, machungu.
Muuguzi Kabugho huileta kwa pikipiki kila Alhamisi
akivuka daraja la magogo;
la chuma lilikwenda na Nyamwamba.
Mililita tano kila baada ya saa nne,
kumi wakati wa kulala, ili maumivu nayo yalale.
"Na akiomba zaidi?"
"Nipigie."
"Na akiomba yote?"
Alifunga ukanda wa kofia yake, akaufungua, akaufunga tena.

Jana redioni walilifanya mjadala wa jioni:
asiye na dawa ya kupona, asaidiwe kwenda?
Mwanasheria akataja kifungu na miaka ya jela.
Mchungaji akasema mwenye ufunguo ni mmoja.
Mtu wa Bwera akauliza, kwa upole kabisa,
mbona ng'ombe tunamhurumia.
Kisha mama mmoja, hakutaja kwao,
akasema, "Mimi niliwahi ku..."
salio likamwishia.
Wakaweka tangazo la mabati.

Kaka yangu Bwambale akapiga kutoka Kampala.
Kasikia kipindi kile kile. "Usithubutu," akasema,
akatuma elfu hamsini.
Hajawahi kumgeuza baba usiku
wala kusikia mgongo ukibanduka shukani.
Simlaumu. Ukiwa mbali, haki na batili huonekana vizuri,
kama milima yetu alfajiri, kabla ya ukungu.

Nilimwuliza baba: ukienda hivyo,
mimi unaniandika safu ipi?
Alifikiri muda mrefu, penseli hewani.
Akaandika: Karani haingii shimoni.
Karani hubaki mlangoni.
Tukacheka, yeye kwa mabega tu,
hadi maumivu yakamkumbuka.

Chupa naificha katika pipa la unga wa muhogo,
natia alama ya wino ubavuni kila nikishapima.
Anajua ninapoificha. Najua anajua.
Kutoka kitandani hadi pipani ni hatua sita,
na miguu yake, siku njema, ina saba.

Leo alfajiri nimekuta mfuniko wa pipa umekaa upande.
Nimechimbua kwa mikono yote miwili.
Chupa ipo.
Maji yapo kwenye alama,
hayakupungua hata tone.

Baba yu macho, anatazama dari,
vidole vyeupe hadi kwenye viungo.

Sikuuliza. Nimeleta beseni,
nimemnawisha kidole kimoja kimoja,
unga ukageuka uji mwepesi majini.
Kisha nikapima tano.
Akafungua kinywa.