Vipande Vinane

Tulikuja tisa kwa baiskeli nne,
kutoka Ngamiani barabara ya kumi na nne hadi Raskazone,
Mwanamvua kabebwa kwenye bomba, pacha wawili kwenye keria,
Shangazi Mwanakombo kakaa upande, khanga kaipiga fundo
isije ikaliwa na spoku.
Mhudumu hakujua pa kutuegesha.
Tukaziegemeza kwenye ua wa michongoma,
tukaunganisha meza mbili, moja fupi kuliko mwenzake,
sahani zikakaa kama zinapanda ngazi.

Mshahara wangu wa kwanza wa kiwanda cha saruji
ulikuwa mfuko wa ndani. Kila nikiinama, unanikwaruza.

Mjomba Mhina kavaa miwani, anasoma majina
kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio:
Margerita. Kaprichosa. Napoletana. Marinara.
Anangoja mmoja aitike "nipo."
"Mbona wote hawa," akasema, "wanaishia na vokali kama sisi?
Watakuwa Wabondei waliopotea njia."

Mimi nilisoma upande wa kulia, kwenye tarakimu.
Moja ni mfuko mzima wa saruji, na shilingi mia tano juu yake.
Nilipanga tatu.
"Tuanze na moja," nikasema, "tuionje kwanza,"
na koo langu likajaa vumbi la kazini.

"Ina nguruwe?" Shangazi akauliza.
Akatoka mwenyewe Bi Ornella, unga mpaka viwikoni,
miaka ishirini Tanga, anavuta maneno kama mtu wa Chumbageni:
"Huyo hajakanyaga jikoni kwangu, ati.
Ningemuuzia nani, mji huu?"
Shangazi hakumtazama uso. Alimtazama mikono,
makovu ya moto yaliyopangana kama bangili,
naye akakunja mkono wa baibui kidogo
kuonyesha ya kwake.

Tanuri lile lilijengwa na fundi wa tanuri za boflo.
Ndani mkorosho unawaka, vifuu vinapasuka.
Kijana anarusha kinyunya juu, kinazunguka, kinatanuka,
kinakuwa ungo. Pacha wamenyamaza
kwa mara ya kwanza tangu Idi.
"Anachezea chakula," Shangazi akanong'ona,
lakini shingo yake inapanda nacho, inashuka nacho.

Ikaja. Nyanya zinatokota,
jibini lina mabaka kama chapati iliyosahauliwa
na mtu aliyekwenda kuchungulia mlangoni.
Gurudumu dogo la chuma likapita katikati mara nne.
Nikahesabu vipande. Nikahesabu vichwa.
Nikahesabu tena vipande.

"Mimi hilo jibini lanuka soksi za askari,"
Shangazi akasema, hata meza ya pili ikasikia.
"Nipeni soda. Nyeusi. Ya baridi."
Akasogeza kiti nyuma,
kama anayempisha mtu katika safu.

Jibini likavutika toka sahani hadi mdomo,
nyuzi kwa nyuzi, mkonge mbichi.
Mhina alikula kwa uma mpaka uma ukamshinda.
Watoto wakala katikati, wakaacha kingo.
Hakuna aliyeuliza ya pili,
na kwa hilo pia niliona haya.

Hilali nane zenye majivu zikabaki sahanini.
Shangazi alizifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono,
akazitia mkobani, asionwe na mtu
ila mimi, na Bi Ornella, aliyegeuka upesi
kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Asubuhi nilimkuta uani, kakalia mbuzi,
anachovya kingo kwenye maharage ya nazi.
"Huu ndio mkate," akasema, hakuinua macho.
"Umeokwa, ukaokeka. Mwambie Mtaliano wako
apunguze yale mapambo ya katikati."
Akanimegea nusu.

Jumatatu nipo kwenye lori, napakia.
Mfuko mmoja begani: margerita.
Wa pili: margerita.
Nilipofika wa tisa nikauegemeza gotini,
nikapumua,
kisha nikaupandisha.