Muhula wa Kiangazi

Wanauita muhula wa kiangazi.
Katuba, saa saba usiku, Julai:
nimesogeza miguu karibu na mbabula,
simu imeegemea sufuria ya bukari.

Profesa amevaa fulana, anatoka jasho.
Tunasoma hadithi ya kwao, mji wa machimbo:
mume anarudi, mke anakung'uta shati lake mlangoni.
"Vumbi hili," anauliza, "ni ishara ya nini?"

Wenzangu wanajibu: umauti. Wakati. Dhambi.
"Na wewe, Ngoie?" Jina langu linamkwama kooni.

Baba anakohoa nyuma ya pazia.
Ninaandika: Ni vumbi, Profesa.
Shati hufuliwa mara mbili,
maji ya kwanza humwagwa mbali na lengalenga.

Mega zinaisha, jibu halijaenda.
Profesa ameganda, mdomo wazi,
katika joto lake.